SHAHADA NA USHAHIDI WA UONGO
Nasaha kwa vijana wetu walio vyuoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeifanya kalamu kuwa njia ya elimu na akawainua wenye elimu daraja juu ya wengine. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye watu wake walimwita Mwaminifu kabla hawajamwita Mtume, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baada ya hayo. Vijana wetu wanaosoma katika vyuo wametuuliza mara nyingi katika darsa: Je, kuiba katika mtihani ni dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu, au ni kuvunja kanuni ya chuo tu? Na wengine wameuliza: Kumwandikia mwanafunzi mwingine insha kwa ujira, je, ni kazi ya halali? Twaona maswali haya yastahili jawabu iliyo wazi, kwa kuwa wengi wetu twaogopa kula nyama isiyochinjwa kwa sharia, lakini hatuogopi kula mshahara uliopatikana kwa karatasi ya hila.

MAANA YA SHAHADA

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu ya Kiswahili neno shahada lina matumizi matatu. Kuna shahada ambayo kwayo mtu huingia katika Uislamu. Kuna shahada ya shahidi anaposimama mbele ya kadhi. Na kuna shahada ambayo chuo humpa mwanafunzi akiisha masomo yake. Yote matatu yametoka katika shina moja la Kiarabu, nayo maana yake ni kushuhudia.

Basi chuo kinapompa mtu karatasi ile, chashuhudia mbele ya ulimwengu kwamba fulani bin fulani amesoma elimu fulani, ameijua kwa kadiri fulani, na ameipata kwa juhudi yake mwenyewe. Mgonjwa alalaye kitandani hakuwapo darasani. Mwenye kujenga nyumba hakumwona mhandisi akifanya hesabu zake. Hao wote wategemea ushahidi ule. Mtu aliyeipata karatasi hiyo kwa hila amekifanya chuo kuwa shahidi wa uongo bila ya chuo kujua, na kila siku anapoitoa mfukoni kuomba kazi, yeye mwenyewe huurudia uongo ule kwa mkono wake.

Na ushahidi wa uongo si jambo dogo. Sahaba Abu Bakra (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwataja sahaba zake madhambi makubwa kupita yote. Alitaja kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kuwaasi wazazi, naye ameegemea. Alipofikia ushahidi wa uongo aliinuka akakaa, akalirudia neno hilo mara kwa mara, hata sahaba zake wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Ametusimulia hayo Bukhari na Muslim. Tazameni, ndugu zetu: jambo lililomfanya Mtume ainuke alipoegemea, sisi twalifanya tukicheka, kisha twaliita ujanja!

Imepokewa tena kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaona chungu ya nafaka. Alitia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, alijibiwa kwamba ni mvua iliyoinyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione, kisha akatangaza kwamba adanganyaye si katika sisi. Hakusema kwamba hukumu hii ni ya nafaka peke yake. Kila penye juu pakavu na chini pabichi, hukumu ni hiyo hiyo. Na karatasi ya mtihani iliyonakiliwa kwa jirani ni chungu ile ile: juu yake jina lako, na chini yake akili ya mtu mwingine.

Na bibi mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza kama ana makosa akijionyesha mbele ya mke mwenzake kwamba mume amempa vitu ambavyo kwa kweli hakumpa. Mtume akamjibu kwamba mwenye kujishibisha kwa kitu asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Na wahenga wetu wa pwani nao waliliona jambo hili, wakasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Cheti cha kuazima nacho hakisitiri ujinga. Siku mgonjwa atakapoletwa, siku daraja litakapopasuka, siku mteja atakapouliza swali moja tu, nguo ile itaanguka mbele za watu.

ELIMU YETU ILISIMAMA JUU YA UAMINIFU

Wako wadhaniao kwamba habari hii ya kutaja umechukua wapi maneno yako ni desturi ya Wazungu waliyotuletea pamoja na vyuo vyao. Hilo si kweli. Umma wetu ulilijua jambo hili na kulisimamia kwa ukali mkubwa zamani sana.

Abdullahi bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra, yaani 797 Miladia, aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini, kwa hoja kwamba isingekuwako kila mtu angesema alitakalo. Kwa isnadi mpokezi hana budi kueleza amesikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mwisho. Naye Imamu Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, alieleza mwanzoni mwa tafsiri yake kwamba katika baraka za elimu ni kila kauli kunasibishwa na mwenyewe aliyeisema. Hebu lizingatieni hilo neno baraka. Mwenye kuyaficha majina ya waliomfunza huenda akapata alama, lakini baraka imempita.

Imamu Jalaluddin Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima ya kupambanua baina ya mtungaji na mwizi, kwa sababu kazi yake ilichukuliwa na mtu akaifanya yake. Na katika tarehe za wanavyuoni kumetajwa kisa chake na Imamu Qastallani, aliyekuja kuwa mashuhuri kwa sherehe yake ya Sahihi Bukhari. Suyuti alilalamika mbele ya Sheikh Zakariya al-Ansari kwamba Qastallani achukua katika vitabu vyake bila ya kumtaja. Akatoa dalili. Alisema: huyu asema amenakili kwa Bayhaqi, Bayhaqi ana vitabu kadha wa kadha, na atwambie ni katika kitabu kipi ameyaona. Qastallani hakuweza kukitaja. Suyuti akaeleza kwamba maneno yale ameyatoa kwa Suyuti, na Suyuti ndiye aliyeyatoa kwa Bayhaqi. Basi ilimpasa aseme hivyo.

Mwanafunzi, hili ni somo kubwa. Ukisoma katika kitabu cha Zaidi maneno ya Amri, nawe hukukifungua kitabu cha Amri, usijifanye umekisoma. Sema: Zaidi amesimulia kwa Amri. Hivyo ndivyo chuo chako kinavyokutaka ufanye leo, na hivyo ndivyo Suyuti alivyotaka zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Na kisa hakikuishia hapo. Imesimuliwa kwamba baadaye Qastallani alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Suyuti, katika kisiwa cha Roda mtoni Nile, kichwa wazi na miguu mitupu, akabisha mlango, akasema amekuja kutaka radhi. Suyuti akamjibu kutoka ndani kwamba moyo wake umemridhia, lakini mlango hakuufungua. Imamu mkubwa hakuona haya kutembea peku kwa ajili ya haki ya kalamu. Sisi twaona haya kuandika mstari mmoja wa kutaja kitabu!

NAMNA ZA KHIYANA

Huenda mtu akaanguka katika khiyana hii kwa kutojua. Kwa hivyo tutazieleza namna zake.

Ya kwanza ni kuingia katika mtihani na karatasi iliyofichwa au simu, au kutazama kwa jirani, au kununua maswali kabla ya siku yake, au kumtuma mtu mwingine akakae mahali pako. Hizi zote ubaya wake hauhitaji maelezo.

Ya pili ni kuchukua maneno ya mwenye kitabu bila ya kumtaja. Wengine hudhani kwamba wakibadili neno hapa na neno pale wameshaokoka. Sivyo. Fikira ikiwa ni yake, ni yake, hata ukaivika nguo nyingine. Na mwenye kuyatoa maneno katika Kiingereza au Kiarabu akayatia katika Kiswahili, kisha akanyamaza, naye ni kama hao. Kufasiri si kutunga.

Ya tatu ni kubuni habari. Mwanafunzi ametumwa kwenda vijijini kuwauliza watu 100 maswali ya utafiti wake. Yeye hukaa chini ya mwembe akazijaza karatasi zote kwa kalamu mbili za rangi mbalimbali, ili zionekane zimeandikwa na watu wengi. Huyu hana tofauti na wale waliobuni hadithi wakamsingizia Mtume, ila kwamba wao walimzulia Mtume, naye amewazulia watu wa kijiji. Na pengine dawa au sera ya serikali itafuata hesabu ile ya uongo.

Ya nne ni kuitoa kazi moja katika masomo mawili bila ya idhini, au kumtilia sahihi mwenzio ambaye hakuhudhuria darasani. Watu huyaona haya kuwa madogo, lakini ndiyo yanayouzoesha mkono.

Ya tano ni mpya. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea mashine za akili bandia zinazoweza kuandika insha nzima kwa muda wa kupepesa jicho. Hatusemi kwamba chombo hiki ni haramu kwa dhati yake. Kalamu nayo ni chombo. Hukumu yafuata matumizi na masharti. Mwalimu akikuruhusu kukitumia, kitumie kwa mipaka aliyoweka, na useme umekitumia. Akikukataza, umekatazwa, kwa kuwa uliingia chuoni kwa kukubali masharti yake, na Waislamu hutimiza masharti yao. Tena jihadhari: mashine hizi zaweza kukubunia kitabu ambacho hakikuandikwa na mtu yeyote, nawe ukakitaja kama kwamba umekisoma. Hapo utakuwa umekusanya khiyana mbili kwa pamoja.

Kinyume cha hayo, kusaidiana katika elimu ni ibada. Kufanya mudhakara, kumweleza mwenzio somo lililomshinda, kumsahihishia lugha yake pale chuo kinaporuhusu, kumwazima kitabu: haya yote ni mema. Mpaka wake ni huu: mwenzio akiondoka kwako amejua asilolijua, umemsaidia, akiondoka na karatasi hali ujinga wake uko pale pale, umemdhulumu.

BIASHARA YA INSHA

Sasa twaja katika jambo zito zaidi. Si siri kwamba nchi yetu ya Kenya imejulikana duniani kwa vijana wanaowaandikia insha wanafunzi wa Marekani, Uingereza na kwingineko kwa malipo, kwa njia ya intaneti. Wengi wao ni wenye shahada zao, wenye akili na Kiingereza kizuri, na kazi hawakuipata. Australia mwaka 2020, na Bunge la Uingereza mwaka 2022 kwa upande wa England, walipitisha sheria za kuifanya biashara hii kuwa kosa la jinai. Lakini sisi hatuulizi sheria ya England yasemaje. Twauliza Mwenyezi Mungu asemaje.

Vijana hawa wana udhuru wao, nasi tutautaja kwa insafu.

Wasema: Mimi nauza kalamu yangu, anayedanganya ni mnunuzi. Jawabu yetu ni kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Maida, ametuamrisha tusaidiane katika wema na ametukataza kusaidiana katika dhambi. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba kumuuzia zabibu mtu ambaye wajua kwa hakika kwamba azitaka azikamue ulevi ni haramu, na hali zabibu yenyewe ni tunda la halali. Basi wewe, ambaye umepewa jina la somo, na siku ya kuikabidhi kazi, na umeambiwa usitie jina lako, wasema hujui mnunuzi aitakia nini?

Wasema: Hao ni watu wa mbali, wala si wa dini yetu. Jawabu yetu ni usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wameazimia kumuua Mtume (S.A.W.), na amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Hakusema kwamba hao ni makafiri na maadui. Alimwacha Ali (R.A.) Makka ili azirudishe amana kwa wenyewe, kila mtu na chake. Ikiwa uaminifu ni haki ya mtu aliyeunoa upanga wake kukuua, vipi hautakuwa ni haki ya mgonjwa wa Manchester au wa Chicago, ambaye muuguzi wake ulimwandikia wewe masomo yake?

Wasema: Njaa haina dini, na nyumbani wazazi wangoja. Hili ndilo lenye uchungu, wala hatulikebehi. Twajua kijana aliyesomeshwa kwa ng'ombe na shamba la babake, akarudi nyumbani na joho na deni. Lakini kalamu ile ile yaweza kusomesha watoto wa mtaa, kufasiri, kuhariri vitabu, kuandika katika magazeti, kushika hesabu za wafanyabiashara. Ujira wa kazi hizo huenda ukawa mdogo na ukachelewa. Hata hivyo kidogo cha halali humlisha mzazi bila ya kumtia aibu Siku ya Kiyama. Na lawama hii si ya vijana peke yao. Matajiri wetu wanaotoa fedha kwa mapambo ya harusi, na wala hawamwajiri kijana mmoja msomi, wataulizwa nao.

Wasema mwisho: Kila mtu afanya hivyo. Jawabu yetu ni kwamba kaburini kila mtu ataingia peke yake. Tena tazameni madhara yake hapa hapa duniani. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa mtihani wa kidato cha nne yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka 2016 ulinzi ulipotiwa nguvu, waliopata alama ya A nchi nzima walikuwa 141 tu, hali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Hatusemi kwamba wale wa mwaka 2015 wote walikuwa wezi. Wengi wao walikesha na vitabu vyao. Lakini watu wakaingiwa na shaka juu ya wote, mkweli na mwongo. Nazi mbovu harabu ya nzima.

NJIA YA KUOKOKA

Aghalabu mwanafunzi haamki asubuhi akasema: leo nitakuwa mwizi. Hupoteza wiki tatu katika upuuzi, na usiku wa mwisho hofu humshika, na hofu ndiyo inayomfungulia mlango shetani. Basi dawa ya kwanza ni kuanza mapema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ya pili: unapofungua kitabu, kabla hujanakili neno lolote, andika juu ya karatasi jina la mtungaji, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Maneno yake unayoyanakili yatie ndani ya alama za kunukuu pale pale. Wengi wameanguka kwa kusahau lipi lilikuwa lao na lipi la kitabu.

Ya tatu: ukitaka kueleza fikira ya mtu kwa maneno yako, kwanza kifunge kitabu. Ukiweza kuieleza hali kimefungwa, umeifahamu. Usipoweza, rudi usome tena. Na hata ukiweza, mtaje.

Ya nne: usilolijua uliza. Muulize mwalimu ni msaada upi unaoruhusiwa na upi usioruhusiwa, wala usifuate fatwa ya mwenzako wa bwenini. Na zihifadhi karatasi zako za mwanzo, ili ukishukiwa bure uwe na hoja.

Ya tano: jizoeze kusema sijui. Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa maswali 48, na katika 32 akajibu kwamba hajui. Imamu wa Madina hakuona kuwa heshima yake itapungua. Kupata alama ya chini kwa ukweli ni kusema sijui kwa adabu, na mwenye kusema hivyo leo aweza kujua kesho.

NA ALIYEKWISHA KOSEA

Aliyekwisha anguka katika haya asikate tamaa. Mlango wa toba uko wazi kwa masharti yake: aache, ajute, aazimie kutorudia, na haki ya watu airudishe. Wanavyuoni kadha wa zama zetu wameeleza kwamba mtu aliyedanganya katika masomo kisha akatubu, naye sasa aitenda kazi yake sawasawa, mshahara wake ni ujira wa kazi aifanyayo. Lakini kazi isiyomwezekana asiishike. Imepokewa kwamba mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, ni juu yake dhamana ya madhara atakayoleta. Basi na ajifunze upya alichokiruka, hata kama hakuna anayemwona, au aiache kazi hiyo kwa wenye kuiweza.

Enyi wazazi, msimuulize mtoto amepata ngapi kabla hamjamuuliza amepataje. Mzazi anayenunua maswali ya mtihani amemfunza mwanawe wizi kwa fedha ya ada. Nanyi walimu, mwenye kuuza alama ni mfano wa wale wapunjao katika mizani, ambao Sura nzima imeteremshwa kuwaonya.

Wazee wetu wa pwani walihangaika ili Waislamu wapate elimu ya zama hizi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwahimiza kwa kalamu yake katika gazeti la Al-Islah tangu mwaka 1932. Chuo cha MIOME kilipokea wanafunzi wake wa kwanza hapa Mombasa mwaka 1951, na kutoka humo, baada ya mageuzi mengi, kimekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2013. Mlango huo haukufunguliwa kwa wepesi. Tusiuingie kwa dirisha.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, na riziki ya halali, na ndimi zenye kusema kweli. Zifanye shahada zetu ziwe ni ushahidi kwa ajili yetu Siku ya Kiyama, wala zisiwe ni ushahidi juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.